Baiskeli ya Hail, Lango la Maskati

Hail, Maskati
12 Agosti 1970

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Mahfoudha, Mombasa,

Salamu zikufikie ulipo, wewe na mwanao Mahbuba na mumewe na vitoto vyao, na hao paka wako pia kama bado unafuga. Mie mzima, wa chuma. Goti la kulia husema kidogo ikifika alasiri, lakini nimelizoea, naliwacha liseme peke yake. Mwanangu Yaarub bado yuko Kuwait kikazi, na mkewe Aliya, ninayekaa naye hapa, anakusalimu sana. Mitende mwaka huu imezaa mpaka imeinama. Mitende yangu mie, si ya jirani yangu Bakhit. Ya Bakhit imezaa kidogo. Mwenyewe anakataa, lakini macho anayo.

Aliya alitaka kuniandikia barua hii kwa kuwa yeye kasoma. Nikamwambia, bibi we, kalamu niliishika Unguja kabla mama yako hajachumbiwa. Ukiziona herufi zangu zimelala usidhani zinaumwa, zinapumzika.

Sasa sikiliza. Milango ya Maskati imefunguliwa.

Nchi imepata mtawala mpya mwezi uliopita na mambo yamegeuka kama mkate juu ya chuma. Ule mzinga wa kila usiku, ukipigwa lango hufungwa na anayetembea lazima achukue taa kama mwizi anayejitafuta mwenyewe, umekwisha. Watu wanavaa miwani myeusi, iliyokuwa marufuku. Watu wanabeba redio mabegani sokoni na hapana anayewauliza. Na wenzetu wa Unguja wameanza kuingia, mmoja leo, wawili kesho, wanateremka na masanduku yao na hapana anayewarejesha.

Njoo, Mahfoudha. Nyumba nnayo, vyumba vinne. Tumebakia wawili tu katika watoto wa mama yetu. Njoo tuzeeke pamoja, ingawa mie bado sijaanza.

Kaka yako
Marhoon


Kibokoni, Mombasa
7 Septemba 1970

Kaka Marhoon,

Waaleikum salaam, na salamu za Mahbuba na nyumba nzima. Paka amezaa watano. Mvua zimetukimbia, visima vimekuwa chumvi, lakini tunashukuru. Barua yako nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kujua umeandika nini, ya pili kuhakikisha, ya tatu kucheka hizo herufi zinazopumzika. Vyumba vinne? Barua ya mwaka jana vilikuwa vitatu, na kimoja uliniambia analala mbuzi.

Umeniambia milango imefunguliwa. Kaka, hii mara ya pili unaniambia.

Mwaka sitini na tano uliniandikia hivi, barua nnayo sandukuni: "Njoo. Askari wote wa lango wananijua kwa jina. Saa yoyote nikipiga kengele ya baiskeli wananifungulia." Nikauza cherehani yangu, nikapanda meli. Tukatia nanga Maskati Alkhamisi adhuhuri. Wakatwambia asiye na mtu wa kuja kumdhamini hashuki. Nikasema mie ninaye, kaka yangu, yuko njiani sasa hivi, ana baiskeli. Nikakaa pale kwenye reli ya meli. Watu wakaniita nikale, nikasema nikiondoka hatoniona. Adhuhuri, alasiri, magharibi. Mzinga nikausikia. Alfajiri meli ikang'oa nanga na mie bado nimesimama pale pale, nimerejeshwa kama barua isiyo na mwenyewe.

Sasa mwaka wa tano umeniandikia khabari za mitende, za mbuzi, za Bakhit na harusi ya Yaarub. Hujaniandikia siku ile ulikuwa wapi.

Mie sigombi, umri wa kugombana umenipita. Lakini maneno yako siyawezi tena. Nataka picha. Lango liwe wazi, watu wawe wanaingia na kutoka kwa furaha, na wewe mwenyewe uwemo. Kamera unayo, ulijisifia nayo Unguja nzima.

Dada yako
Mahfoudha


Hail
30 Septemba 1970

Mahfoudha ndugu yangu,

Salamu nyingi kupita mchanga wa Hail, na wewe unajua Hail yote ni mchanga. Sisi wazima. Tende tumekwisha kausha. Aliya kajifunza kupika mchuzi wa papa, haujawa kama wa mama lakini unakwenda huko.

Khabari ya mwaka sitini na tano tuiwache. Maji yakimwagika hayazoleki.

Picha unataka, picha utapata. Huyu unayezungumza naye ndiye aliyepiga picha harusi ya Malindi pale mpigapicha mwenyewe alipoanguka homa. Bibi harusi alitoka vizuri mpaka mama mkwe akaona wivu. Kamera yangu ya sanduku iko kabatini, imefunikwa kanga. Filamu nnayo moja, niliinunua Darajani mwaka sitini na tatu, ina picha nane. Aliya anasema imekufa. Nikamwambia filamu si samaki, haiozi.

Na ntakwenda kwa baiskeli. Baiskeli niliiangika darini mwaka ule ule sitini na tano, kwa sababu zangu. Jana nimeiteremsha. Popo walikuwa wamepanga ndani ya kikapu. Nimeitia mafuta ya nazi kwenye mnyororo, nimeziba mpira wa nyuma, kengele bado inalia kama mwali. Bakhit akaja akasimama, akasema, "Marhoon, umri wako na baiskeli, mmoja wenu atavunjika." Nikamwambia, "Atakayevunjika ni atakayenitazama kwa wivu." Kutoka Hail mpaka Maskati ni maili thelathini. Bakhit anasema ishirini na tano. Kazoea kupunguza vya wenzake.

Ntakwenda siku ya Idi. Hiyo itakuwa Idi ya kwanza lango likiwa wazi, na watu wote wanasema mji utapasuka kwa furaha. Huko ndiko ntakakoipata picha yako.

Kaka yako
Marhoon, mpigapicha


Kibokoni
24 Oktoba 1970

Kaka,

Ramadhani inabisha hodi, Mungu atufikishe sote. Vitoto wanauliza babu wa baiskeli ana miaka mingapi. Nimewaambia hata yeye hajui, kila mwaka hupunguza.

Nna jambo nikwambie upesi. Mume wa Mahbuba amehamishwa kikazi Nairobi. Nyumba hii wanairejesha kwa mwenyewe mwisho wa Januari. Wananitaka niende nao na wananibembeleza kweli kweli, lakini baridi ya Nairobi, na ghorofa ya tatu, na mie sina nimjuaye. Nimewaambia nipeni mpaka mwaka uishe, nnangoja picha. Wamenicheka. Sasa unajua, Januari ama ni wewe ama ni ghorofa ya tatu.

Usiendeshe baiskeli ukiwa umefunga, nakuomba. Na swali langu bado liko pale pale nililoliweka.

Mahfoudha


Hail
3 Shawwal kwa hisabu ya mjini, 4 Shawwal kwa hisabu yangu
(3 Disemba 1970)

Mahfoudha ndugu yangu,

Idi mubarak, Mungu atupe nyingine nyingi, na hizo nyingine tule sahani moja. Goti langu limevimba kama boga, lakini ni boga la ushindi. Aliya ananikanda kwa mafuta ya simsim na kanuna. Nnakuandikia nimelala kwa hivyo leo herufi zimelala kwa haki.

Nimekwenda na nimerudi. Sasa ntakupa yote, na we usicheke kabla hujafika mwisho.

Jumapili magharibi, tarehe ishirini na tisa ya mfungo, nilisimama mchangani na Bakhit tukitafuta mwezi. Nikauona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa. Bakhit hakuuona. Nikamwambia tazama kidole changu. Akatazama kidole. Nikamwambia si kidole, mwezi! Tukaenda hivyo mpaka akasema, "Nauona, nauona, ushushe mkono." Basi mashahidi tukawa wawili, na wawili wanatosha. Aliya akasema, "Baba, Hail nzima hapana aliyeuona." Nikamwambia Hail nzima haina macho.

Jumatatu alfajiri tukasali Idi, mie imamu, Bakhit maamuma. Bakhit akasema yeye atakula baadae. Mie nikala pale pale, kama sunna inavyotaka, vitumbua sita na halwa. Nikavaa sweta la sufi ndani ya kanzu mpya maana kipupwe cha huku huja mwezi wa Novemba, mambo yote ya huku yamepinduliwa. Nikafunga kamera nyuma na bahasha ya halwa mbele. Nikaondoka.

Njia nzuri, ndugu yangu! Upepo wa baridi kifuani, bahari upande wa kushoto, milima upande wa kulia imekaa kama wazee barazani. Penye mchanga nikisukuma, pagumu nikipanda. Nikamkuta mtu na punda, nikampigia kengele, nikamwambia Idi mubarak! Akanitazama, akamtazama punda wake, kama anamwomba ushauri. Nikasema huyu wa shamba, khabari hazijamfika.

Nilipofika bonde la Ruwi niliteremka. Nikaitia baiskeli begani, nikalivuka bonde lote kwa miguu, baiskeli imenipanda badala ya mie kuipanda. Kila aliyepita alicheka. Ulikuwepo mgunga na miba chini. Sababu ntakwambia.

Matrah nikafika karibu na adhuhuri. Mahfoudha, mji umenuna! Maduka wazi, vinyozi wamesinzia, ngoma hakuna, nguo mpya hakuna. Nikasema Idi gani hii, kama wamefiwa. Nikasimama katikati ya soko, nikafungua halwa yangu, nikatia tonge kinywani ili niwachangamshe, nikawakaribisha. "Haya jamani, Idi mubarak, karibuni!"

Kinyozi mmoja akatoka na kiwembe mkononi.

"Mzee, unakula nini?"

"Halwa ya Idi."

"Idi ya wapi?"

"Ya Hail!"

"Leo thelathini, mzee! Tupa hicho!"

"Halwa hutupwa?"

Watu wakaanza kujaa, mmoja kanishika usukani. Nikajua Matrah wamekosea mwezi. Wafanyabiashara hawa, macho yao yako kwenye mizani. Lakini Maskati kwenyewe, nikasema, Maskati hawawezi kukosea. Nikajinasua, nikapanda mlima ule wa kwendea Maskati mbio kama kijana, huku natafuna, maana tonge lilikuwa bado kinywani na kulitema ingekuwa kama kukubali.

Nikafika Lango Kubwa. Na liko wazi, Mahfoudha! Mbao zote mbili zimebanwa ukutani, jua linapita ndani kama mwenye nyumba. Nikapiga kengele. Akatoka askari, mtu mzima wa milimani, ndevu nyeupe, bunduki begani.

"Unakula?"

"Nnakula."

"Ramadhani?"

"Idi."

"Nani kasema?"

"Macho yangu."

Akanitazama. Akaitazama baiskeli. Akaizunguka, akainama, akakitia kidole kiraka cha mpira wa nyuma. Kisha akasema polepole, "Wewe si yule mzee wa baiskeli? Yule aliyekaa juu ya lile jiwe?"

Sasa nifanye nini. Mara ile ulitaka jibu, nikakwambia maji yamemwagika. Hayakumwagika. Nilikuwa nayo kinywani miaka yote hii, kama ile halwa.

Siku ile ya mwaka sitini na tano khabari ya meli ilinifika Hail alasiri. Nilitoka bila ya kuvaa viatu. Nilikwenda mbio ambazo hapana aliyewahi kwenda, Bakhit mwenyewe shahidi. Pale Ruwi mwiba ukaingia mpira wa nyuma. Pampu sikuchukua. Mtu kama mie huchukua pampu? Nikasukuma. Nilikuwa nateremka ule mlima wa mwisho, lango naliona, nikausikia mzinga. Nikafika, limefungwa. Nikapiga kengele. Nikapiga tena. Nikawaambia ni mie, Marhoon, mnanijua. Akajibu mmoja kutoka ndani, "Marhoon yupi?" Hapana aliyenijua, Mahfoudha. Hata mmoja. Yale ya kunijua kwa jina niliyaandika tu, kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi.

Nikakaa juu ya jiwe mpaka alfajiri. Lango lilipofunguliwa nikaingia mbio mpaka ufukweni. Meli ilikuwa kadiri ya kidole changu.

Huyo aliyeuliza Marhoon yupi ndiye huyu askari. Jina lake Aflah. Anasema usiku ule alinichungulia kwa tundu ya mlango, na alikuwa na amri, na asubuhi alitaka kunipa maji nikawa nishaondoka. Anasema pia nililia. Muongo. Lilikuwa vumbi.

Haya, tuendelee. Aflah akaninyang'anya halwa, akanitia katika chumba cha walinzi, ndani ya lango lenyewe. Akasema, "Kaa humu mpaka mwezi uandame, nje watakupiga." Nikamwambia mwezi umeshaandama. Akasema, "Basi kaa mpaka na wengine wauone." Nikakaa. Mara ya mwanzo nilikaa nje ya lango, mara hii nikakaa ndani yake. Magharibi mji mzima ukapanda mapaani, mwezi ukatoka mnene, hata kipofu angeuona, mwezi wa siku mbili ule, nakwambia. Mzinga wa Idi ukalia. Aflah akanifungulia kwa tende na kahawa, na halwa yangu akanirudishia. Tonge moja lilikuwa limepungua.

Kwa hivyo mwaka sitini na tano nilichelewa kwa dakika chache. Safari hii nimewahi kwa siku nzima. Tuhisabu tumelipana.

Na hiyo Idi kesho yake! Wanaume wamepanga safu mbili na panga zao wanaruka, panga zinarushwa juu zinang'aa, zinadakwa kwa mpini. Ngoma mpaka mawe yanatetema. Wanawake na nguo za kila rangi, nyekundu, manjano, kijani, kama kasuku waliopewa ruhusa. Farasi wamepambwa. Mzee mmoja kavaa miwani myeusi miwili, mmoja machoni mmoja kwenye kilemba, kwa furaha tu. Redio tano kila moja inaimba yake. Na kila mtu anapita lango akiingia, kisha anatoka, kisha anaingia tena, hana haja yoyote, anapita tu kwa kuwa linapitika. Mie nimepita mara kumi na moja. Na katika watu nikasikia salamu ya kwetu, "Chei chei, mzee!" Nageuka, vijana watatu kofia za viua, wa Unguja, wameshuka wiki ile. Tukakumbatiana kama tuliozaliwa nyumba moja. Mmoja alikuwa wa Mkunazini, akaniuliza kama huku hupatikana mbirimbi za kutia ukali mchuzini.

Nikapiga picha saba, saba za maana. Ya nane mie lazima niwemo, ulisema. Kamera ile hajaishika mtu tangu niinunue. Nikampa Aflah. Hajapata kuishika kamera maishani. Akainyanyua kama bunduki, akafumba jicho moja. Nikakaa juu ya jiwe, lile lile, na baiskeli ubavuni, na nyuma yangu lango na dunia nzima inapita. Akapiga.

Filamu iko kwa mpigapicha wa Matrah. Asubuhi ya kurudi, Aflah alinipeleka pia katika ofisi ya vibali. Jina lako limeandikwa, na kibali nimeahidiwa. Mtu wa kukudhamini, wakaniuliza. Nikawaambia yuko hapa, safari hii yuko hapa.

Kaka yako
Marhoon


Hail
9 Disemba 1970

Mahfoudha,

Salamu, sisi wazima, goti limepungua. Barua fupi kwa sababu mtu anayeichukua kasimama mlangoni. Kibali chako ndani. Picha ndani.

Imetoka moja tu, ile ya Aflah. Zangu saba zimeharibika, filamu za siku hizi si kitu. Nimeziweka, hazina faida kutazamwa.

Kichwa changu hakimo. Kosa la Aflah, kaelekeza kamera kama anawinda mbuzi wa mlimani. Mie ni yule kanzu na baiskeli. Jiwe ni lile.

Marhoon


Kibokoni
20 Disemba 1970

Kaka yangu Marhoon,

Salamu hazitoshi leo. Mahbuba anafunga mizigo, vitoto wamepanda juu ya masanduku, paka hajui aende wapi, na mie nimekaa katikati yao na picha yako mkononi tangu asubuhi.

Mwanzo nikwambie hili. Aliya amekusaliti. Ndani ya bahasha, nyuma ya kibali, katia mojawapo ya zile saba, na kikaratasi: "Shangazi, zote ziko hivi hivi, nisamehe, nilishindwa kukufichia." Kaka, limetoka dole gumba. Picha nzima dole gumba! Na pembeni kidogo kama upanga unaruka. Nimelijua mara moja kwa lile kovu la mbuzi ya nazi, ulilolipata ulipomwonesha mama unavyokuna nazi bila ya kutazama. Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Filamu za siku hizi si kitu!

Sasa picha ya Aflah. Mumewe Mahbuba kaniuliza, "Mama, utajuaje kama huyu ni mjomba? Hana kichwa." Nikamwambia, mwanangu, wewe humjui Marhoon. Marhoon kama angetaka kunidanganya angetuma picha ya kichwa chake tupu, na lango ungelitafuta nyuma ya sikio. Mtu huyu kukubali kutuma picha isiyokuwa na uso wake, basi kila kilichomo ni kweli. Kaka, maisha yangu yote hujanipa ushahidi mkubwa kuliko huo.

Kisha nimechukua kioo cha kukuzia nikalitazama jiwe. Liko karibu na lango namna hiyo! Na mie nilikuwa upande wa pili wa mji ule ule, juu ya maji. Miaka mitano nimekaa nikidhani nilikesha peke yangu. Ungeniandikia mstari mmoja tu, kaka. Mstari mmoja. Lakini nimeupata, na nimeusoma mara nyingi kuliko barua zako zote. Hapo pa vumbi nimepasoma zaidi.

Mpe Aflah salamu zangu. Mwambie maji ambayo hakuwahi kukupa nimeyapokea mie.

Nakuja. Meli itatia nanga Maskati Jumanne, tarehe ishirini na sita Januari. Nakuletea mbirimbi za kukausha, za yule kijana wa Mkunazini pia. Cherehani nimenunua nyingine. Paka mmoja nakuja naye, usibishe.

Na ile siku uliyokula Ramadhani, umeshailipa?

Dada yako
Mahfoudha


Hail
31 Disemba 1970

Mahfoudha,

Barua yako imefika na Aliya kakimbilia kwa Bakhit kabla sijaimaliza, anajua alilolifanya. Nimemsamehe. Sijamwambia bado.

Siku nimeilipa, jana. Si kwa kuwa nilikosea mwezi. Ni kumridhisha Aliya.

Chumba chako kimepakwa chokaa. Mbuzi amehama, hakupenda, nikamwambia anayekuja ni mwenye nyumba. Paka mlete. Aflah kasema siku hiyo atabadilishana zamu na mwenzake ili awepo yeye langoni. Pampu nimenunua, na kiraka, na mpira mzima wa akiba, na kuvuka Ruwi ntaibeba baiskeli begani kama kawaida. Watu wacheke watakavyo.

Ukifika, kibali kitakushusha; vuka mji na usitafute sana. Tazama jiwe la kushoto la Lango Kubwa, utamwona mtu na baiskeli, na safari hii ana kichwa.

Meli yako ni ya Jumanne. Mie ntakuwa pale tangu Jumatatu.

Kaka yako
Marhoon